Historia ya Uhakikisho wa Ubora katika Upimaji wa Kemia ya Maji: Sengerema na Ghuba ya Mwanza, 1927–2025

1.0 Utangulizi

Mwaka 1993, Robert Hecky, mtaalamu wa elimu ya maziwa, alichapisha makala iliyobadili namna Ziwa Viktoria linavyoelezwa. Aliviweka vipimo vipya kando ya vile vilivyochukuliwa na Jack Talling mwaka 1960 na 1961, akaonesha kuwa silika iliyoyeyuka katika maji ya juu ilikuwa imepungua kwa takriban mara kumi, kwamba klorofili ilikuwa imeongezeka mno, na kwamba maji ya kina yalikosa oksijeni kwa kipindi kirefu zaidi na katika eneo pana zaidi kuliko awali. Tangu hapo, tasnifu nyingi zinazohusu ziwa hili, ziwe za uvuvi, za afya au za mazingira, zimeanza na hitimisho hilo kana kwamba ni jiwe la msingi. Swali linalolitangulia huulizwa kwa nadra: ni kwa haki gani namba mbili zilizopatikana kwa mikono tofauti, vifaa tofauti na vizazi tofauti ziliweza kulinganishwa?

Insha hii inalifuata swali hilo kutoka Sengerema, yaani upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wakazi wake hutegemea maji ya ziwa na ya visima katika ukanda uleule wenye madini ya dhahabu, hivyo maswali ya virutubisho, ya zebaki na ya aseniki hukutana katika ndoo moja. Pili, maabara zilizopima maji hayo zilikuwa daima ng'ambo. Sampuli ya Sengerema ililazimika kuvuka ghuba kabla haijawa namba.

Uhakikisho wa ubora unachukuliwa hapa kuwa jumla ya taratibu zinazomwezesha mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupima kuyaamini matokeo. Hoja ya insha ni kwamba, katika bonde hili, taratibu hizo zimekua zaidi ndani ya kuta za maabara, na ithibati ya kimataifa imezipa hadhi. Lakini namba zilizodumu na kuweza kutumiwa na kizazi kilichofuata zilidumu kwa sababu njia yake yote, tangu majini, iliandikwa. Sehemu iliyo kati ya ufuko na meza ya mkemia ndiyo iliyobaki dhaifu, na ndiyo inayoamua iwapo cheti cha maabara kinasema lolote kuhusu kisima cha kijiji.

2.0 Mizani kabla ya maabara

Wazo la kwamba anayepima asiwe pekee anayethibitisha kipimo chake halikuletwa Usukumani na wakemia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Harakati zilizoongozwa na Paul Bomani zilijibu kwa kuweka wapimaji wao wa kujitegemea kwenye vituo vya kununulia pamba, na kutokana na vyama vilivyozaliwa humo ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955. Wanahistoria wameyasoma matukio hayo kama sura ya siasa za kudai uhuru, na wana haki. Yanaweza pia kusomwa kama historia ya vipimo. Mkulima hakudai mizani mpya. Alidai jicho la pili. Madai hayo ndiyo kiini cha kila utaratibu utakaojadiliwa hapa chini, ingawa ilichukua nusu karne kabla maji hayajapata walichokipata pamba.

3.0 Jinja: kuaminiwa kwa mkono wa mtu

Uchunguzi wa kwanza wa kisayansi wa ziwa zima ulifanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928, akisaidiwa na E. B. Worthington. Lengo lilikuwa samaki, lakini Worthington alichapisha pia vipimo vya joto na vya tindikali ya maji. Mwaka 1947 likaanzishwa huko Jinja, Uganda, shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, ambalo baadaye lilijulikana kwa kifupi cha EAFFRO. Ni katika mazingira ya Jinja ambapo Talling alifanya kazi yake ya mwaka 1960 na 1961, akirudi mara kwa mara kwenye kituo kilekile cha maji ya kina karibu na kisiwa cha Bugaia.

Hapakuwa na ithibati wala mwongozo wa kimataifa wa maabara. Pamoja na hayo, kulikuwa na udhibiti wa ubora wa aina yake, na unastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndio uliobeba mzigo wa hitimisho la 1993.

Udhibiti wa kwanza ulikuwa wa kihesabu. Maji hayana chaji ya umeme; kwa hiyo jumla ya ioni chanya, zikihesabiwa kwa uwiano wa chaji zake, lazima ilingane na jumla ya ioni hasi. Mkemia aliyepima sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kwa upande mmoja, na bikaboneti, kloraidi na salfati kwa upande wa pili, anaweza kujikagua bila kumwomba mtu yeyote msaada. Jack na Ida Talling walipochapisha mwaka 1965 mapitio yao ya kemia ya maziwa ya Afrika, ulinganifu wa ioni na upitishaji wa umeme ndio uliokuwa lugha ya kuyalinganisha maziwa hayo. Katika Ziwa Viktoria ukaguzi huo ni mgumu kuliko katika maziwa ya magadi, kwa kuwa maji yake yana chumvi kidogo, na kosa dogo la kipimo huonekana kubwa kwa asilimia.

Udhibiti wa pili ulitokana na majira. Hapa ndipo shaka kubwa kuhusu silika inapoweza kujibiwa. Mtu mwenye kushuku angesema hivi: chupa za kioo hutoa silika, basi huenda silika nyingi ya 1960 ilitoka kwenye chupa, si ziwani, na upungufu wa mara kumi ni wa chupa tu. Shaka hiyo ni halali, na mtahini yeyote anapaswa kuiuliza. Jibu lake liko katika umbo la data. Talling hakupima mara moja. Alifuata mwaka mzima, na kwa kina tofauti, namna maji yalivyojitenga katika tabaka za joto na namna yalivyochanganyika tena, na kemia ilifuata mwendo huo. Chupa chafu haijui ni mwezi gani wala imeshushwa mita ngapi. Kosa la chupa lingeongeza kiasi kisicho na mpangilio wa tabaka wala majira.

Jibu la tatu lilikuja baadaye, na halikutoka majini kabisa. Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha historia ya ziwa iliyosomwa katika matope ya chini. Matope hayo huhifadhi mabaki ya dayatomu, mwani unaojenga maganda yake kwa silika. Waliona kwamba ongezeko la rutuba lilianza tangu miaka ya 1930 na kwamba upungufu wa oksijeni wa maji ya kina ulianza mapema miaka ya 1960. Matope yalikuwa shahidi asiyejua lolote kuhusu maabara ya Jinja, na ushahidi wake ulielekea upande uleule. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna uthibitisho bora zaidi wa kipimo cha zamani kuliko huu: njia mbili zisizo na uwezo wa kurithishana makosa zikifikia hitimisho moja.

Fosforasi haikuwa na bahati hiyo. Njia ambayo imetawala upimaji wa fosfati tangu hapo, ya rangi ya buluu ya molibdeni kwa mtindo wa Murphy na Riley, ilichapishwa mwaka 1962, baada ya Talling kumaliza mwaka wake ziwani. Anayelinganisha fosfati ya 1961 na ya miaka ya baadaye analinganisha pia kemia mbili. Hilo halifanyi ulinganisho kuwa haramu, ila linautaka uwe na tahadhari ambayo silika haikuihitaji kwa kiasi hicho. Inasikitisha kwamba tasnifu nyingi huzitaja namba hizo mbili katika sentensi moja, kwa uzito uleule.

4.0 Baada ya 1977

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliigawa EAFFRO. Jinja ikabaki Uganda. Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979. Tanzania ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, mwaka 1980, yenye kituo Mwanza. Kilichogawanyika hakikuwa majengo na boti pekee. Vitabu vya maabara, maelezo ya mbinu, mazoea ya kuosha vyombo kwa namna fulani na kuchuja maji kwa namna fulani, hivyo vyote vilikuwa mali ya pamoja isiyoandikwa katika hati yoyote ya mgawanyo.

Ghuba ya Mwanza yenyewe ilikwishapata vipimo vyake. Akiyama, Kajumulo na Olsen walichapisha mwaka huohuo wa 1977 uchunguzi wa majira wa planktoni na hali ya kifizikia na kikemia ya ghuba. Timu ya wanabiolojia kutoka Leiden, Uholanzi, iliyokuja kuchunguza samaki aina ya furu, ilianza kazi katika ghuba hiyo mwishoni mwa muongo huo. Kazi hizo ni hazina kwa mtafiti wa Sengerema, kwa sababu ghuba si ziwa la wazi. Ina urefu wa takriban kilomita 60, ni nyembamba, haina kina, na hupokea udongo na mbolea kutoka pande zote mbili. Cornelissen na wenzake, waliochapisha mwaka 2014, walieleza hali hiyo kama mteremko wa mabadiliko kutoka ndani ya ghuba hadi maji ya wazi. Kwa hiyo kusema "ziwa limebadilika" kwa kutumia namba za Bugaia, kisha kuipeleka kauli hiyo hadi Katunguru au Busisi, ni kuruka hatua ambayo haina daraja la kipimo.

5.0 Zebaki, na sabuni

Miaka ya 1990 ilileta swali jingine. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ulienea Geita na maeneo jirani, na zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu ilihofiwa kuingia ziwani na katika samaki. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya Japani inayoshughulikia ugonjwa wa Minamata walipima samaki na watu wa ukanda huo na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Zebaki katika samaki wa ziwani kwa ujumla ilikuwa kidogo.

Miaka mitatu baadaye Harada na wenzake walichapisha vipimo vya nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Baadhi ya watu walikuwa na zebaki nyingi ya kutisha, wakiwamo watu ambao hawakuwahi kushika karai la mchimbaji. Kama maabara ingepima zebaki yote kwa jumla na kuishia hapo, lawama ingeangukia samaki, na maelfu ya familia zinazoishi kwa uvuvi zingeingia katika kadhia isiyo yao. Lakini watafiti walitenganisha zebaki ya methili, ambayo ndiyo hujikusanya katika samaki, na zebaki isiyo ya kikaboni. Katika watu wenye viwango vikubwa sana, sehemu ya methili ilikuwa ndogo. Chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa sabuni za kuogea zenye zebaki, zilizotumiwa kujichubua ngozi.

Tukio hili lina nafasi ya pekee katika historia tunayoifuata. Kipimo cha jumla hakikuwa na kosa lolote la kimaabara. Kingepita kila mtihani wa usahihi. Kilichokosekana ndani yake ni ulinganifu kati ya kilichopimwa na swali lililoulizwa. Uhakikisho wa ubora unaoanza kwenye kifaa umeshachelewa.

6.0 1999: jicho la nje

Zuio la Umoja wa Ulaya dhidi ya samaki wa Ziwa Viktoria mwaka 1999 linajulikana zaidi kama tukio la kiuchumi. Kulikuwa na habari za watu kuvua kwa kumwaga viuatilifu majini, na wanunuzi wa Ulaya walitaka kujua iwapo masalia yake yalikuwa katika minofu. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwa na namba ambazo mnunuzi angezikubali. Tofauti hii ni ya msingi: hakuna aliyethibitisha kwamba samaki walikuwa na sumu kwa kiwango kikubwa. Ushahidi wa usafi ndio uliokosekana. Mataifa matatu yalilazimika kuunda mipango ya ufuatiliaji wa masalia ya viuatilifu katika samaki, maji na mashapo, kuimarisha ukaguzi, na kuonesha maabara zinazoweza kuaminiwa nje. Zuio liliondolewa katika mwaka 2000, kwa nchi moja baada ya nyingine.

Kwa mvuvi wa Sengerema, miezi hiyo ilikuwa somo la bei ya ufukweni. Kwa maabara za ukanda huu ilikuwa mara ya kwanza thamani ya namba kuhesabiwa kwa fedha. Mamlaka ya kuithibitisha ilihama kutoka kwa mtaalamu anayejulikana kwa jina, kama Talling, kwenda kwa mfumo usio na jina.

Mfumo huo ulikuwa umeshaanza kujengwa kwa upande wa maji. Mkataba wa nchi tatu uliotiwa saini mwaka 1994 ulizaa Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Viktoria, awamu yake ya kwanza ikitekelezwa kuanzia 1997 hadi 2005. Maabara za Mwanza, Entebbe na Kisumu zilitakiwa kupima ziwa moja. Ugumu uliojitokeza ulitabirika: mito mingi, boti tofauti, vifaa tofauti, na takwimu ambazo zilipaswa kujumlishwa kana kwamba zimetoka meza moja. Katika kipindi hichohicho Tamatamah, Hecky na Duthie walionesha, katika makala ya 2005, kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka hewani, pamoja na vumbi na mvua. Mdau anayelaumu viwanda pekee, au mkulima pekee, alipaswa kutulia. Ila upimaji wa mvua ni mtego: ndege mmoja akitua juu ya chombo cha kukingia, fosforasi ya wiki nzima haina maana.

7.0 Chupa kutoka Windhoek

Kuanzia mwaka 2004 kulikuwa na utaratibu wa kulinganisha maabara za maji za kusini na mashariki mwa Afrika, ulioratibiwa na shirika la maji la Namibia, NamWater, huko Windhoek, kwa msaada wa taasisi ya vipimo ya Ujerumani, PTB, na wa Michael Koch wa Chuo Kikuu cha Stuttgart. Mpangilio wake ni rahisi kueleza. Mratibu anaandaa maji yenye kiasi anachokijua cha madini, kwa kupima uzito wa kemikali anazotia. Anazipelekea maabara zote chupa zinazofanana. Kila maabara inapima bila kujua jibu, kisha inarudisha namba yake. Tofauti kati ya namba hiyo na thamani iliyokubaliwa hugawanywa kwa mtawanyiko unaoruhusiwa. Ikiwa jibu haliizidi 2, kwa upande wowote, maabara imefanya vizuri. Kati ya 2 na 3 kuna jambo la kuangaliwa. 3 au zaidi, kipimo hakikubaliki.

Huu ndio urithi wa wapimaji wa pamba kwa maana halisi. Unamtoa mkemia katika upweke wake. Maabara inaweza kujirudia vizuri mwaka mzima, ikachora chati za udhibiti zinazokaa ndani ya mistari, na bado ikawa inakosea kwa asilimia 20, kwa sababu tu myeyusho sanifu inaoutumia uliandaliwa vibaya siku ya kwanza. Chati za udhibiti, zilizobuniwa na Walter Shewhart mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda vya simu vya Marekani, hueleza iwapo leo ni kama jana. Haziwezi kueleza iwapo jana ilikuwa sahihi.

Hatua iliyofuata ilikuwa ithibati kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2005 na 2017. Tanzania, ikiwa mwanachama wa SADC, hutumia zaidi huduma ya SADCAS yenye makao Gaborone, Botswana, na maabara ya ubora wa maji ya Mwanza ni miongoni mwa maabara za Wizara ya Maji zilizopata ithibati hiyo. Kenya ina chombo chake cha ithibati. Hivyo maji ya ziwa moja hudhaminiwa kwa njia zisizokutana Kisumu wala Mwanza, bali katika mikataba ya kimataifa ya kutambuana. Mpangilio huo hufanya kazi, ingawa EAFFRO ya zamani ingeushangaa.

8.0 Sampuli kama ilivyopokelewa

Toleo la 2017 la kiwango hicho lina sharti ambalo wasomaji wengi wa vyeti hulipita. Maabara isipohusika na uchukuaji wa sampuli, ripoti yake lazima iseme kwamba matokeo yanahusu sampuli kama ilivyopokelewa. Maneno hayo ni ya haki kwa maabara. Kwa mwanakijiji wa Sengerema yanabadili maana ya karatasi nzima. Yeye anakisoma cheti kama habari ya kisima chake. Kisheria ni habari ya chupa iliyofika mapokezi.

Kati ya kisima na mapokezi kulikuwa na barabara, foleni ya kivuko kati ya Busisi na Kigongo, na barabara tena. Kwa baadhi ya vipimo safari hiyo haikuwa na madhara. Chupa ya metali iliyotiwa asidi ya nitriki hadi tindikali kushuka chini ya 2 inaweza kusubiri miezi. Floraidi hustahimili, ilimradi chupa ni ya plastiki. Kwa vipimo vingine safari ilikuwa kipimo chenyewe. Tindikali ya maji hubadilika mara hewa inapoingia. Oksijeni lazima ifungwe kwa vitendanishi hapohapo majini, kwa njia aliyoieleza Winkler mwaka 1888 na ambayo msingi wake haujabadilika tangu hapo. Naitreti na fosfati iliyoyeyuka hupewa saa 48 zikiwa katika baridi ya karibu nyuzi 4.

Muda huo wa saa 48 uliwekwa kwa kufikiria maji ya kawaida yaliyokwisha kuchujwa. Maji ya Ghuba ya Mwanza si ya kawaida. Yana mwani mwingi na yana joto la karibu nyuzi 25. Yakiachwa bila kuchujwa, mwani uliomo ndani ya chupa huendelea kula fosfati, na mwani unaokufa huirudisha. Sampuli iliyochujwa ufukweni na nyingine iliyochujwa Mwanza jioni, zikiwa zimetekwa dakika moja, ni sampuli mbili za maziwa mawili. Maabara yenye ithibati itazipima zote kwa usahihi uleule, na hakuna chati itakayopiga kelele.

Vyombo navyo vina tabia zao. Kwa silika, kioo ni adui. Kwa fosfati, adui ni sabuni ya kuoshea yenye fosfati, ndiyo maana chupa huoshwa kwa asidi. Jeri la plastiki lililowahi kubeba mafuta ya taa, likisuuzwa mara tatu kwa nia njema kabisa, halifai kwa chochote. Katika visima vya ukanda wa dhahabu kuna tatizo la ziada ambalo miongozo iliyoandikwa kwa nchi nyingine hailitilii mkazo: aseniki katika umbo lake la aseneti hutoa buluu ileile ya molibdeni kama fosfati. Kassenga na Mato waliripoti mwaka 2009 aseniki katika vyanzo vya maji vya maeneo ya migodi ya bonde la ziwa. Mkemia asiyejua sampuli imetoka wapi anaweza kuandika fosfati mahali palipo na aseniki, yaani kuandika mbolea mahali palipo na sumu, na uamuzi utakaofuata kijijini ukawa wa kulinda kisima dhidi ya samadi ilhali kilipaswa kufungwa.

Dawa ya udhaifu huu inajulikana na ni ya bei nafuu kuliko kifaa chochote cha maabara. Chupa moja ya maji safi kabisa husafiri na nyingine, hufunguliwa kisimani, hutiwa asidi ileile, huvuka ghuba na kupimwa. Ikifika na madini, basi madini yametoka safarini. Sampuli pacha, zilizotekwa mahali pamoja na kupewa majina tofauti, huonesha mtawanyiko wa kazi nzima na si wa kifaa pekee. Fomu huandika saa ya kuteka, saa ya kuchuja, joto la kisanduku kilipofunguliwa, na jina la aliyeteka. Ugumu wake si wa kikemia. Tangu mwaka 2019, RUWASA inahudumia vijiji, mamlaka ya maji inahudumia mji na chanzo chake cha Nyamazugo, bodi ya bonde inasimamia rasilimali yenyewe, na wanafunzi wa vyuo huja na kuondoka. Kila mmoja huteka maji kwa fomu yake. Katika hali hiyo chupa tupu ya safari huonekana kuwa gharama isiyo na mwenyewe, kwa sababu haimpi yeyote matokeo ya kuripoti, na hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limefupisha safari hiyo kuwa dakika chache. Litaokoa sampuli nyingi za naitreti. Halitasaidia kumbukumbu za zamani, ambazo tatizo lake ni la namna nyingine na linahitaji mfano.

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango elekezi cha aseniki katika maji ya kunywa kutoka mikrogramu 50 hadi 10 kwa lita. Maabara iliyokuwa na ukomo wa utambuzi wa mikrogramu 30 ilikuwa imefanya kazi yake kikamilifu chini ya kiwango cha kwanza. Kwa kiwango cha pili, neno lake "haikuonekana" halimaanishi kwamba maji ni salama. Pale ambapo karani aliandika "chini ya 30", mtafiti wa leo anajua kisima kipi cha kurudia. Pale alipoandika "haikuonekana", au alipochora mstari, au alipoandika sifuri, hakuna hesabu wala programu itakayoifufua habari iliyopotea. Visima hivyo itabidi vitekwe upya, kimoja kimoja, na ukomo wa utambuzi uandikwe katika safu yake yenyewe pembeni mwa matokeo.